Nina shilingi 180,000: nitangaze haluwa yangu kwenye podikasti au kwenye programu za muziki?

SWALI: Assalaam aleikum. Natengeneza haluwa na visheti hapa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Wateja wa hapa wananijua, lakini nataka watu wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu waagize kwa ajili ya Ramadhani na Idi. Mzigo natuma kwa basi. Nimetenga shilingi 180,000. Mwaka jana nilitangaza redioni, simu zikaingia siku mbili kisha kimya. Mwanangu ananiambia siku hizi watu wako kwenye podikasti na Spotify. Nianzie wapi, nimlipe nani, na nitajuaje kama pesa imerudi?

JIBU: Waaleikum salaam, mama.

Kwa kifupi: chagua podikasti tatu, nunua vipindi vinne kwa kila moja, na tangazo lisomwe na mwendeshaji mwenyewe. Baada ya hapo nenda kwenye programu moja ya muziki, si tatu, tangazo lirudiwerudiwe. Ila kabla hujampa mtu hata shilingi, panga jinsi utakavyozihesabu oda. Ile redio ya mwaka jana huenda ilikuletea wateja zaidi ya unavyodhani, na huenda haikuleta kitu. Bila daftari hakuna wa kukuambia.

Tuanze na hesabu. Chukua bei ya kilo moja ya haluwa, toa samli, sukari, wanga, iliki, lozi, moto, kopo na ujira wa anayekoroga. Tuseme inabaki shilingi 450. Ukigawa 180,000 kwa 450 unapata oda 400, na hizo ni za kurudisha pesa ya tangazo tu, faida bado. Oda 400 ndani ya mwezi mmoja kutoka kwa watu ambao hawajawahi kulisikia duka lako ni nyingi, na yeyote anayekuahidi kwa uhakika anapiga chuku. Kwa hiyo usitangaze kilo. Tangaza kifurushi cha Idi: haluwa kilo mbili, visheti, na kahawa iliyosagwa na tangawizi. Kikikuachia shilingi 900, oda unazohitaji zinashuka hadi 200. Biashara ndogo nyingi huilaumu podikasti wakati kasoro ilikuwa kutangaza bidhaa ambayo faida yake haiwezi kubeba gharama ya tangazo.

Pesa yenyewe, kwa kuanzia, igawe hivi: 78,000 kwa podikasti, 50,000 kwa programu ya muziki, 20,000 kwa kuandika na kurekodi, 12,000 kwa vifurushi vya kuwaonjesha waendeshaji pamoja na bando na simu ya oda. Zinabaki 20,000, na hizo usiziguse mpaka mwisho wa wiki ya pili. Wakati huo daftari litakuwa limeshakuonyesha nani ameleta oda, na utaziongeza pale pale.

Podikasti: usinunue mbuzi ndani ya gunia

Ukimuuliza mwendeshaji ana wasikilizaji wangapi, atakutajia namba kubwa kuliko zote alizonazo. Mara nyingi ni jumla ya vipakuliwa tangu aanze, au wafuasi wa Instagram, au watazamaji wa klipu moja iliyovuma TikTok. Wewe hununui vitu hivyo, unanunua nafasi ndani ya kipindi kimoja. Muulize hivi: kipindi chako cha kawaida, kisicho na mgeni maarufu, hupakuliwa mara ngapi katika siku 30 za mwanzo? Kisha omba picha ya skrini ya dashibodi yake, yaani ukurasa wa takwimu za podikasti, ikionyesha vipindi vitano vilivyofuatana. Akikupa kimoja tu, jua amekuchagulia.

Uliza pia kama huduma anayohifadhia podikasti inafuata kipimo cha IAB, jumuiya ya kampuni za matangazo ya mtandaoni. Kwa kipimo hicho, upakuaji hauhesabiwi mpaka sauti ya angalau dakika moja iwe imeshuka kwenye kifaa, na simu moja ikivuta kipindi kile kile mara kadhaa ndani ya saa 24 inahesabiwa mara moja. Pasipo kipimo, hata programu za kompyuta zinazopita zikisoma mafaili huingia kwenye hesabu kama binadamu.

Sasa linganisha bei. Podikasti ya kwanza inataka shilingi 6,500 kwa kipindi, na kipindi hupata vipakuliwa 2,600 kwa mwezi: hiyo ni shilingi 2,500 kwa kila watu elfu. Ya pili inataka 9,000 na inajisifu kwa vipakuliwa laki moja, lakini dashibodi inaonyesha 1,500 kwa kipindi: hiyo ni 6,000 kwa elfu. Yenye jina kubwa ndiyo ghali zaidi ya mara mbili. Bei hizi ni za mfano, na za kwako utazipata kwa kupatana, maana waendeshaji wengi wa hapa Kenya hawana orodha ya bei. Anayetangaziwa vipindi vinne kwa mkupuo hupunguziwa, basi usiulize bei ya kimoja.

Kwa podikasti za Kiswahili kuna jambo ambalo mawakala wengi hulisahau, nalo ni nchi. Kipindi kizuri cha Kiswahili huweza kuwa na wasikilizaji wengi Dar es Salaam, Arusha na Unguja, na wengine Ghuba na Uingereza. Watu hao wanapenda haluwa sana, lakini kupitisha makopo mawili mpaka wa Lunga Lunga kuna forodha na gharama zake, seuze kuyapeleka Dubai. Dashibodi huonyesha mgawanyo kwa nchi. Toa wote walio nje ya Kenya, halafu ndipo ugawanye bei. Podikasti ya vipakuliwa 10,000 yenye asilimia 30 tu Kenya, kwako wewe ni podikasti ya 3,000.

Wa kuwatafuta ni watu wa aina mbili. Kuna watu wa Pwani wanaoishi bara, ambao haluwa wanaijua na wameikosa. Hao wako kwenye vipindi vya mazungumzo ya familia, mapishi, dini na utani wa Kimvita. Halafu kuna wa bara waliowahi kuja likizo Mombasa wakarudi na kopo la haluwa kama zawadi. Hao wako kwenye vipindi vya vijana wa Nairobi vya mahusiano, pesa na safari. Kwa kampeni ya kwanza ningechukua mbili za kundi la kwanza na moja ya kundi la pili. Kipindi cha mawaidha kikubali tu kama mwendeshaji mwenyewe ana amani na tangazo. Akisoma kwa kujilazimisha, wasikilizaji watasikia.

Podikasti nyingi za Kenya leo ni video za YouTube kwanza, sauti baadaye. Watazamaji wa YouTube na vipakuliwa vya sauti usivijumlishe, kwa sababu vinahesabiwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Kwa YouTube omba mchoro unaoonyesha watu wanabaki mpaka dakika ya ngapi, upo kwenye YouTube Studio. Nusu yao wakiwa wameondoka dakika ya kumi, tangazo la dakika ya 25 umelipia viti vitupu. Mkumbushe pia mwendeshaji aweke alama kwenye kisanduku cha tangazo la kulipiwa. YouTube inataka hivyo, na akikamatwa kwa kukiuka, video yenye tangazo lako ndiyo inayoweza kuondolewa.

Nafasi ninayopendelea ni katikati, lakini mapema: kati ya dakika ya 8 na ya 15 kwa kipindi cha saa moja. Mwanzoni kabisa watu huruka kwenda kwenye mazungumzo; mwishoni wamebaki wachache. Kumbuka programu za podikasti zina kitufe cha kuruka mbele kwa sekunde 15 au 30. Msikilizaji akikigusa mara moja, umekwenda. Jina la duka litajwe ndani ya sekunde tano za mwanzo, ili hata anayeruka awe ameshalisikia.

Usimwandikie mwendeshaji neno kwa neno. Mpelekee kifurushi nyumbani, afungue, aonje, amkaribishe na mwenzake wa kipindi. Kisha mpe mambo matano ya kutaja: jina la duka, inatoka wapi, kilichomo ndani ya kifurushi, inamfikiaje mteja, na msimbo wa kutaja wakati wa kuagiza. Mengine ayaseme kwa maneno yake. Ukimpa karatasi ya kusoma atasoma kama taarifa ya habari, na utakuwa umelipia sauti anayoaminiwa kwayo huku umemkataza kuitumia.

Swali moja la kiufundi lina uzito kuliko linavyoonekana: tangazo litashonwa ndani ya kipindi moja kwa moja, au litapachikwa na mtambo kila mtu anapopakua? La kushonwa hubaki milele. Atakayesikiliza kipindi hicho miezi sita baadaye atasikia ofa ya Idi iliyokwisha, akupigie, umwambie haipo. La kupachikwa linaweza kuondolewa au kubadilishwa, ila mwendeshaji awe na huduma inayoruhusu hivyo, na kwenye YouTube kwa kawaida haliwezekani. Kama ni la kushonwa, mwendeshaji asitaje bei wala Idi. Ataje duka, haluwa na msimbo.

Mkataba uwe ukurasa mmoja: tarehe za kutoka, dakika ya tangazo, urefu wake, kwamba hatatangaza mwuza vitamutamu mwingine katika kipindi hicho, na kwamba kipindi kikipata chini ya idadi mliyokubaliana atakupa kingine bure. Lipa nusu kabla, nusu baada ya kipindi cha pili kutoka. Muulize mapema kama anaweza kukupa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Asipoweza, kwa kawaida KRA hawatakukubalia hiyo kama gharama ya biashara, na hasara hiyo nayo iingize katika kupatana bei.

Programu za muziki: rudia kwa wachache

Huku kazi ni tofauti. Kwenye podikasti unanunua imani ya mtu. Kwenye muziki unanunua marudio. Anayesikiliza bure hawezi kwa kawaida kuliruka tangazo, ila mawazo yake yako kwenye wimbo. Anayelipia Spotify Premium hatakusikia kabisa kati ya nyimbo, ingawa tangazo lililosomwa na mwendeshaji ndani ya podikasti humfikia hata yeye, maana limo ndani ya kipindi.

Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Boomplay ilikuwa imeshazoeleka kwenye simu nyingi za bei nafuu. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, huweka tangazo mwanzoni mwa faili la muziki ambalo mtu analipakua. Hiyo inawafaa wanaopakua kwenye Wi-Fi kisha wakasikiliza bila bando, ingawa ofa yenye tarehe ya mwisho itaendelea kusikika baada ya tarehe hiyo. YouTube nayo ina matangazo ya sauti. Usizinunue zote. Chagua moja kwa kigezo kimoja: ni ipi inayoweza kukuwekea kikomo cha mara ngapi mtu mmoja asikie tangazo, na kukupa ripoti ya watu tofauti waliofikiwa? Uliza pia kama wanauza wenyewe au kupitia wakala, na wakala anakata asilimia ngapi.

Tazama kwa nini kikomo ni muhimu. Tuseme bei ni shilingi 400 kwa usikizaji elfu. Kwa 50,000 unapata usikizaji 125,000. Bila mpango, watu 125,000 watakusikia mara moja moja na kukusahau kabla wimbo haujaisha, au watu wachache watakusikia mara 30 wakuchukie. Lenga watu 25,000, kila mmoja mara tano ndani ya wiki mbili. Na kabla ya kushangilia uliza kama bei ina VAT. Isipokuwamo, asilimia 16 inakula humo humo: 50,000 inakuwa kama 43,100 ya matangazo, na usikizaji unashuka hadi karibu 107,750.

Suala la mji ndilo linalowatia hasara wafanyabiashara wa Mombasa. Programu hukisia mji wa msikilizaji kwa anwani yake ya intaneti, na anayetumia bando la simu mara nyingi huonekana yuko Nairobi hata kama amekaa Likoni, kwa sababu mtandao wa kampuni ya simu humtoa nje kupitia mitambo iliyosajiliwa huko. Anayeuza pizza Nyali akinunua tangazo la "Mombasa pekee" hupata wale walio kwenye Wi-Fi na kuwakosa wengi wa bando. Wewe unauza nje ya Mombasa, kwa hiyo halikuumizi sana. Hata hivyo usikubali kulipa nyongeza ya kuchagua Nakuru au Eldoret. Nunua Kenya nzima, chuja kwa umri na aina ya muziki, halafu mji halisi utausoma kwenye risiti za basi. Daftari lako la mizigo linajua mteja yuko wapi kuliko dashibodi yoyote.

Kuhusu Ramadhani: Waislamu wengi hupunguza au huacha muziki mwezi huo na kuhamia kwenye kaswida na mawaidha. Ukimwaga pesa yote kwenye muziki ndani ya mwezi wenyewe, utakuwa unaongea na wale wa kundi la pili tu. Anza muziki siku kumi kabla ya mwezi kuandama, punguza katikati, ongeza kumi la mwisho kwa ajili ya zawadi za Idi. Saa nazo hubadilika. Kama programu inaruhusu kuchagua muda, chukua baada ya tarawehe mpaka saa sita usiku, na asubuhi watu wanapokwenda kazini. Alasiri ya mfungo acha. Kumsifia mtu samli na lozi saa kumi jioni akiwa na kiu ni njia ya haraka ya kuchukiwa.

Tangazo lenyewe

Kiswahili kina maneno marefu. Anayetafsiri tangazo la Kiingereza la maneno 75 huishia na msomaji anayekimbia kama mnadi wa Kongowea. Kwa sekunde 30 andika maneno 52 hadi 60, basi. Huu hapa mfano wa programu ya muziki, tukichukulia duka linaitwa Haluwa ya Kuze:

(Mwiko ukikwangua sufuria, sekunde mbili.) "Haluwa ya Kuze hiyo, inakorogwa Mji wa Kale, Mombasa. Samli, iliki, zafarani, lozi. Hadi mwiko ugome. Uko Nairobi, Nakuru, Eldoret ama Kisumu? Inapanda basi jioni, kesho iko mjini kwako. Kifurushi cha Idi: haluwa kilo mbili, visheti na kahawa ya tangawizi. Tafuta Haluwa ya Kuze kwenye Google, tuma WhatsApp, utuambie umetusikia wapi. Haluwa ya Kuze."

Ni maneno 54. Hakuna namba ya simu. Tarakimu kumi hazishikiki na mtu aliyening'inia kwenye matatu, simu iko mfukoni. Jina hushikika, na kwa hiyo kabla ya tangazo la kwanza hakikisha ukitafuta jina lako Google linatokea la kwanza, lenye namba sahihi na saa za kazi za Ramadhani. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine, si yako, yako imeshakuzoea.

Mlio wa mwiko unatosha, muziki si lazima. Ukitaka wimbo wa mtu, hata vipande vya sekunde tano vya taarabu, unahitaji idhini ya mwenye kazi na ya mwenye rekodi, na hiyo peke yake yaweza kumaliza 20,000 yako. Adhana na kisomo visiguswe. Honi na ving'ora pia viache, kwa ajili ya wanaoendesha gari.

Rekodi kwenye chumba chenye mazulia na mapazia, si kwenye jiko lenye vigae. Mlio wa sufuria urekodi peke yake, sauti ya mtu peke yake, vichanganywe baadaye. Mwambie fundi akupe faili la WAV pamoja na MP3, kiwango cha sauti kiwe karibu LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti, fundi anakijua) na vilele visipite desibeli -1, na usome masharti ya programu uliyochagua kabla hajafunga kazi. Tangazo lenye kelele kuliko kipindi huudhi. Lililo chini husikika kama makosa. Lisikilize kwa spika ya simu ya bei rahisi na kwa spika za masikioni ndani ya tuktuk inayotembea. Neno "Kuze" lisiposikika humo, rudia kurekodi. Tengeneza na toleo la sekunde 15 hapo hapo, kwa kumi la mwisho.

Usiseme haluwa inaongeza nguvu au inatibu kitu. Ukisema imethibitishwa halali, cheti kiwepo. Na bidhaa iliyofungwa kuuzwa nchi nzima iwe na alama ya KEBS, shirika la viwango, kwa sababu tangazo likienea, wakaguzi nao husikia.

Kuhesabu oda

Kila podikasti ipe msimbo ambao ni jina la podikasti yenyewe. Msikilizaji hawezi kukumbuka "KUZE27B", lakini jina la kipindi anachokipenda analijua. Akitaja, mwongezee pakiti ndogo ya visheti. Zawadi hiyo ni nafuu kuliko punguzo la bei, na inampa sababu ya kukumbuka kutaja.

Kama unapokea malipo ya M-Pesa kwa Paybill yako mwenyewe, sehemu ya namba ya akaunti ndiyo daftari la bure: mwambie mteja aandike humo jina la podikasti. Taarifa ya M-Pesa itakuletea oda zikiwa zimejipanga. Ila angalia mambo mawili. Till, ile namba ya kulipia dukani, haina sehemu ya akaunti, kwa hiyo mwenye Till achukue nyingine kwa ajili ya kampeni. Na kama Paybill ni ya benki, sehemu ile inajazwa namba ya akaunti yako ya benki, hivyo mbinu hii haifanyi kazi. Itabidi uegemee WhatsApp.

Kwenye WhatsApp Business weka ujumbe wa salamu unaouliza mambo matatu tu: unataka nini, uko mji gani, umetusikia wapi. Weka lebo kwa kila chanzo na ubandike kila mazungumzo yanapoanza, si jioni ukiwa umechoka. Kwenye maelezo ya kipindi mpe mwendeshaji kiungo cha wa.me, kinachofungua WhatsApp moja kwa moja, chenye namba yako na ujumbe ulioandikwa tayari, mfano "Nimetoka kusikiliza" ikifuatwa na jina la kipindi. Anayebonyeza hujitambulisha mwenyewe. Namba za watu hao usizitumie kuwatumia matangazo mengine bila idhini yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye sufuria mbili.

Halafu lipo tatizo la msimu: Ramadhani oda hupanda zenyewe. Ukilinganisha na mwezi uliopita, kila tangazo litaonekana la ajabu. Linganisha na Ramadhani ya mwaka jana, wiki kwa wiki, na uangalie oda za bara peke yake. Oda zisizo na chanzo zisigawanywe kwa kukisia. Ziandike "haijulikani" uone zinapanda siku ambazo kipindi kimetoka au la.

Mwisho wa wiki ya pili fungua daftari. Podikasti iliyokula 13,000 mpaka hapo ikaleta oda 26 imekugharimu shilingi 500 kwa oda, na kifurushi kinaacha 900: hapo ndipo zinapokwenda zile 20,000. Iliyoleta oda tano kwa pesa ile ile imekugharimu 2,600 kwa oda. Hiyo usiikate kwa hasira katikati, vipindi viwili vilivyobaki umeshavifunga kwa mkataba. Badilisha mambo matano uliyompa mwendeshaji, umwombe alete tangazo mapema zaidi ndani ya kipindi.

Tarehe ya Idi usiitaje popote, mwezi unaweza kuandama usiku wa 29. Funga oda za bara jioni ya Ramadhani 26, ili mzigo upande basi siku hiyo na ubaki na siku mbili za dharura. Tangazo la muziki lizime asubuhi ya siku hiyo hiyo. Lizime hata mapema ikiwa sufuria zimejaa: jua unaweza kukoroga kilo ngapi kwa siku, gawa kwa mbili, hiyo ndiyo idadi ya vifurushi unayoweza kuahidi. Muziki unazimika siku hiyo hiyo, podikasti haizimiki. Kwa hiyo baada ya Idi endelea kuipokea misimbo ile kwa angalau miezi mitatu, na anayepokea simu aambiwe, maana mtu wa Kitale atasikiliza kipindi cha zamani akilima na kukupigia Jumanne isiyo na sikukuu yoyote akitaka kilo moja.